Sauti Iliyorekodiwa na Mazungumzo ya Ndugu

Katika makala hii tunakusudia kuhakiki namna mbili za usemi zilizoingia katika utumishi wetu bila kubisha hodi. Ya kwanza ni ujumbe wa sauti, ule ambao mtu huurekodi kwa simu yake na kumpelekea mwenziwe ausikilize apatapo nafasi. Ya pili ni podikasti, yaani mazungumzo yaliyorekodiwa na kuwekwa kwenye intaneti, ambayo kila apendaye huyachukua na kuyasikiliza akiwa jikoni, shambani au ndani ya basi. Hatuulizi kama vyombo hivi vyafaa kutumiwa na Mkristo. Swali hilo washarika wamekwisha kulijibu kwa vidole vyao, wala hawakutusubiri. Tunauliza jambo lililo gumu zaidi: je, watu waweza kuzungumza kwa kina, wakafikiri pamoja na kuchukuliana mizigo, kwa njia ya sauti ambayo mwenyewe hayupo wakati inaposikiwa?

Hatupendi kulipima jambo hili kwa kipimo cha kuazima. Katika Makala za Schmalkald, alizozitayarisha Luther kwa ajili ya mkutano wa mwaka 1537, sehemu ya tatu, anaeleza kwamba Injili haitujii kwa njia moja tu. Anataja neno linalohubiriwa, anataja Ubatizo, Sakramenti ya Altare na mamlaka ya funguo. Kisha, pale ambapo msomaji anadhani orodha imekwisha, anaongeza mazungumzo na faraja ya ndugu kwa ndugu. Wanafunzi wetu wengi huipita sentensi hiyo mbio mbio. Ni hasara. Luther hasemi kwamba mazungumzo ya ndugu ni maandalizi ya Injili, au burudani baada ya ibada. Anayaweka katika safu moja na njia za neema. Na neno la Kilatini alilolitumia ni neno la kupeana: mmoja anampa mwenziwe, naye mwenziwe anarudisha. Kiswahili chetu kina kiambishi kidogo kinachofanya kazi hiyo kwa uaminifu mkubwa. Kusikiliza ni kazi ya mmoja. Kusikilizana ni kazi ya wawili. Kwa hiyo basi, kila chombo cha sauti tutakiuliza swali hilo moja: je, kinaruhusu kusikilizana, au kinaruhusu kusikiliza tu?

Tuanze na ujumbe wa sauti. WhatsApp iliuingiza mwaka 2013, na mwaka 2022 wenye chombo hicho walitangaza kwamba watu hutumiana jumbe za namna hiyo bilioni 7 kwa siku. Hesabu hiyo haitushangazi sisi tunaoishi kati ya watu wanaosema vizuri kuliko wanavyoandika. Mama ambaye angeona haya kumwandikia mchungaji wake, kwa sababu mwandiko wake ni wa kuokoteza, leo anabonyeza kidole na kusema yote. Hapana karani wa barua kati yake na sisi. Zaidi ya hayo, sauti huja na mambo ambayo wino hauyabebi: kigugumizi, kikohozi, kilio kinachozuiliwa, jogoo anayewika nyuma na kutuambia kwamba huyu amekesha.

Tutoe mfano mmoja wa hali ambayo wachungaji wengi wa leo wanaifahamu. Binti wa usharika amekwenda Muscat kufanya kazi za nyumbani. Hawezi kupokea simu mchana, kwani yu kazini. Hawezi kupiga usiku, kwani analala chumba kimoja na wengine. Lakini saa tano za usiku, akiwa anafua nguo uani, anarekodi dakika nane. Anasimulia kazi, anasimulia upweke, anauliza kama ni dhambi kutofunga vizuri siku ya Bwana mahali ambapo hakuna kanisa la karibu. Mchungaji husikia asubuhi, hufikiri mchana kutwa, hujibu jioni. Mazungumzo hayo yataendelea kwa miezi. Je, hayo si mazungumzo ya ndugu kwa ndugu? Sisi twasema ndiyo, tena huenda ni ya kina kuliko mengi yanayofanyika katika ofisi ya usharika huku watu watano wamepanga foleni mlangoni. Mwenye kujibu amepewa muda wa kufikiri, na mwenye kusema amepewa nafasi ya kumaliza. Hilo la pili si dogo. Sisi wachungaji ni wakatizaji hodari. Dietrich Bonhoeffer, katika kitabu chake juu ya maisha ya pamoja kilichotoka mwaka 1939, baada ya seminari yake ya Finkenwalde kufungwa, alilalamika juu ya Wakristo, hasa wahubiri, wanaosikiliza kwa nusu ya sikio kwa kuwa wanadhani wanajua tayari yule mwingine atasema nini. Ujumbe wa sauti unatufunga mdomo. Hatuwezi kumkatiza mtu ambaye hatusikii.

Hata hivyo, hapo hapo penye faida ndipo penye upungufu wake. Mzungumzaji wa Kiswahili hasemi peke yake. Anayemsikiliza humwitikia: naam, enhe, kumbe, pole sana. Asipoitikiwa husita na kuuliza, "Upo?" Mtambaji wa hadithi akisema paukwa huwangoja wenziwe waseme pakawa, ndipo aendelee. Itikio si pambo la lugha yetu, ni nguzo ya mazungumzo. Basi tazama kinachotokea katika ujumbe wa sauti. Kijana anaanza, "Shikamoo Mchungaji," kisha ananyamaza kidogo. Ametuachia nafasi ya marahaba ambayo hataisikia. Wengine huijaza nafasi hiyo wenyewe, "natumaini umeitikia," kisha wanacheka kwa aibu. Kicheko hicho kinatufundisha zaidi kuliko vitabu vingi vya mawasiliano. Msemaji anajua kwamba anazungumza na mtu asiyekuwepo, na kwa kuwa hakuna anayemwitikia, hajui kama amesema vya kutosha au amepita kiasi. Ndiyo sababu jumbe za watu wenye huzuni huzunguka na kurudi mahali pale pale. Si kwamba hawajui kujieleza. Wanangoja "pole" ambayo haiji.

Mtume Paulo aliujua upungufu huu. Katika Wagalatia 4:20 anatamani kuwapo pamoja na wasomaji wake ili apate kuibadili sauti yake, kwa kuwa ana mashaka juu yao. Wafafanuzi wengi huupita mstari huo kama hisia za mwandishi aliyekasirika. Sisi twauona kuwa ni maneno mazito juu ya mipaka ya kila ujumbe unaotumwa. Barua ya Paulo ilikuwa na ukali. Naye alijua kwamba, kama angeona nyuso zao, huenda asingehitaji ukali ule, au angehitaji kuuzidisha. Sauti iliyokwisha kutumwa haibadiliki inapokutana na uso wa msikilizaji. Mtu atasema kwamba barua ya Paulo haikuwa na sauti, na ujumbe wetu unayo. Ni kweli, lakini ni sauti iliyogandishwa. Mzee aliyeandika Waraka wa Pili wa Yohana, mstari wa 12, alikuwa na mengi ya kuandika, akayaweka akiba mpaka aonane na watu wake. Hakuidharau karatasi, alijua mambo gani yanastahili kungoja.

Yako pia mambo mawili madogo ambayo hatuwezi kuyanyamazia. Tangu mwaka 2021 msikilizaji wa WhatsApp aweza kuuharakisha ujumbe, hata mara mbili ya mwendo wake. Tunafahamu kwa nini mchungaji mwenye mitaa sita angefanya hivyo. Lakini mjane anayelia kwa mwendo wa mara mbili hutoa sauti ya katuni, na mwenye kumsikiliza hivyo ameacha kumsikiliza. Aliyepewa dakika nane za maisha ya mtu na azimalize kama zilivyotolewa, au azingoje hadi apate dakika nane.

La pili ni siri. Wanafunzi hutuambia kwamba jumbe hizi zimefungwa kwa namna ambayo hata wenye kampuni hawawezi kuzisikia njiani, na kwamba tangu Desemba 2023 mtu aweza kutuma sauti itakayosikilizwa mara moja tu kisha ikatoweka. Ni vizuri. Hata hivyo, hatari ya siri ya kichungaji haijapata kuwa njiani. Ipo mwisho wa safari: simu iliyoachwa mezani, mtoto anayechezea simu ya baba, ujumbe uliopelekwa kwa makosa katika kundi la kwaya, mchungaji anayesikiliza kwa spika ndani ya daladala huku abiria wote wakijua sasa kwamba fulani ameachwa na mumewe. Hayo hayatatuliwi na fundi wa programu.

Kutokana na hayo tunafika kwenye swali tunaloulizwa kila mwaka darasani: je, mchungaji aweza kurekodi tamko la ondoleo la dhambi na kumtumia mshirika aliyeungama kwa ujumbe wa sauti? Wapo ndugu waheshimiwa wanaosema ndiyo. Hoja yao si nyepesi. Imani huja kwa kusikia, wanasema, na Warumi 10:17 haitaji umbali. Tena Luther mwenyewe aliwapelekea watu barua nyingi za faraja, wala hakudhani kwamba Neno la Mungu hupungua nguvu barabarani. Sisi tunakubali hoja hiyo kuhusu faraja, hatuikubali kuhusu ondoleo. Faraja yaweza kurudiwa, kuhifadhiwa, hata kuazimwa na jirani, nayo ikabaki faraja. Ondoleo ni ufunguo uliogeuzwa katika mlango mmoja, kwa mtu huyu aliyeungama jambo hili, na Katekisimo Ndogo inamwongoza muungamaji alipokee kutoka kwa mchungaji kama kutoka kwa Mungu mwenyewe. Lirekodi, nawe umelitengenezea kitufe cha kurudia. Litasikilizwa tena wiki ijayo baada ya dhambi nyingine ambayo haikuungamwa. Au litapelekwa kwa rafiki. Aidha, kati ya kutuma na kusikia yawezekana zimepita siku mbili, na mchungaji hajui anazungumza na moyo wa namna gani. Lakini wala hatusemi muungamaji aliye mbali angoje likizo. Apigiwe simu, wawe wawili kwa saa ile ile, mmoja aseme na mwingine aseme Amina. Simu ina umbali, lakini ina itikio.

Sasa tuje kwenye podikasti, na hapa yatupasa kurudi nyuma kidogo. Sisi Walutheri hatuna haki ya kujifanya wageni katika habari ya mazungumzo yaliyorekodiwa. Mezani pa Luther huko Wittenberg, tangu mwaka 1531, wanafunzi na wageni waliandika aliyoyasema huku wakila chakula cha Katharina. Mwaka 1566, miaka 20 baada ya kifo chake, Johannes Aurifaber alichapisha mkusanyo wa mazungumzo hayo, na kitabu kikapendwa mno. Kilipendwa kwa sababu zile zile zinazofanya podikasti ipendwe: msikilizaji anaketishwa mezani pa wakubwa bila kualikwa, anasikia vichekesho na hasira, anajiona jamaa wa nyumbani.

Lakini tazama matokeo. Mnamo Juni 1539 palitajwa mezani habari za mnajimu fulani mpya aliyesema kwamba dunia ndiyo inayozunguka. Kitabu cha Copernicus kilikuwa bado hakijatoka, kilitoka mwaka 1543. Basi yalikuwa ni maneno ya uvumi, yaliyosemwa wakati wa kula. Anton Lauterbach aliandika maneno hayo wakati ule, na katika maandishi yake Luther hamwiti mtu yeyote mpumbavu. Katika toleo la Aurifaber tusi hilo limo. Kwa karne kadhaa watu wamemhukumu Luther, hata Matengenezo yote, kwa neno moja la mezani ambalo mhariri alilikoleza. Hatari ya mazungumzo yaliyorekodiwa ni hiyo: usemi uliotolewa kwa kampani ndogo, kwa saa moja, unafanywa kuwa tamko la milele kwa watu ambao hawakuwapo kuuliza, "Una maana gani?" Mhariri wa leo hana wino, ana mkasi wa kompyuta, lakini kazi yake ni ile ile.

Neno podikasti lilionekana katika gazeti la Guardian la Uingereza mwezi Februari 2004, katika makala ya Ben Hammersley, aliyekuwa akitafuta jina la jambo jipya. Upya wake haukuwa katika kurekodi. Ulikuwa katika saa. Redio hutawaliwa na saa ya ukutani: baada ya dakika 30 ni lazima taarifa ya habari ije, hata kama mzungumzaji ndiyo kwanza amefika kwenye kiini cha jambo. Waliokuwa wakiisikiliza Sauti ya Injili kutoka Addis Ababa, kituo cha Shirikisho la Walutheri Duniani kilichofanya kazi tangu mwaka 1963 hadi kilipotaifishwa mwaka 1977, wanaujua utawala huo wa saa. Podikasti haina saa. Watu wawili waweza kuzungumza kwa saa mbili, wakakaa kimya, wakajirudi, wakabadili mawazo hadharani. Kwa hiyo inafaa sana kwa mambo ya kina, na hatuna budi kulisema hilo wazi, kwa sababu baadhi ya walimu wenzetu huidharau bila kuisikiliza.

Tuchukue mfano mmoja unaojulikana. Krista Tippett, Mmarekani aliyesomea teolojia Yale, alianzisha kipindi cha redio juu ya imani ambacho tangu mwaka 2010 kinaitwa On Being. Hadi mwaka 2022 kilirushwa kila wiki redioni, baadaye kikaendelea kama podikasti. Huanza na kumwuliza mgeni wake juu ya dini ya utoto wake, na swali hilo, kwa maoni yetu, ni la kichungaji kuliko maswali mengi ya mitihani yetu: humtoa msomi kwenye msimamo wake na kumrudisha nyumbani kwa mama yake. Jambo jingine tunalolisifu ni kwamba, pamoja na mazungumzo yaliyohaririwa, wamekuwa wakitoa pia yale marefu yasiyokatwa. Laiti Aurifaber angefanya hivyo!

Katika hazina hiyo yamo mazungumzo na Jaroslav Pelikan, mwanahistoria wa mafundisho ya kanisa, mhariri wa maandishi ya Luther kwa Kiingereza, aliyetoka kwetu na kujiunga na Waorthodoksi mwaka 1998, akafariki mwaka 2006. Wanazungumza kwa nini kanisa linahitaji imani zilizoandikwa. Pelikan anasema kwa uzito na kwa furaha, na mwanafunzi yeyote anayedhani kwamba ukiri wa imani ni kamba shingoni mwake na amsikilize. Kisha wanafika kwenye Imani ya Wamasai, ile ya takriban mwaka 1960 iliyojulikana kwa wasomaji wengi kupitia kitabu cha Vincent Donovan, mmisionari Mkatoliki aliyefanya kazi kaskazini mwa Tanzania, kilichotoka mwaka 1978. Pelikan anaipenda imani hiyo, hasa pale inapowataja fisi kuhusu kaburi la Bwana. Anaipenda kwa moyo wote.

Nasi tuliposikiliza tulifurahi, kisha tukajiuliza: Mmasai yuko wapi? Wamasai si watu wa kale waliotoweka na kuacha maandishi. Wamo katika sharika zetu, wengine wanahubiri, wengine wamekaa katika madawati ya vyuo vya teolojia. Mzee mmoja wa boma angeweza kueleza maana ya mwili wa mtu kuachiwa au kutoachiwa fisi katika nchi ambayo, kwa desturi ya zamani, wafu wengi hawakuzikwa. Na huenda angeuliza kama maneno yale yalitoka kwa wazee au kwa mmisionari aliyewasikiliza wazee. Hilo lingekuwa itikio. Lingeyapeleka mazungumzo mbali kuliko wasomi wawili wa Marekani wawezavyo kuyapeleka peke yao, hata wawe wema namna gani. Hatumlaumu Pelikan. Tunasema kwamba podikasti hukifanya kina cha watu wawili kionekane kama kina cha jambo lenyewe. Sauti zao ziko karibu mno na sikio letu kiasi kwamba hatusikii nani hayupo.

Visikizi vya masikioni vimelizidisha tatizo hili. Charles Hirschkind, katika utafiti wake juu ya kaseti za mahubiri ya Kiislamu huko Cairo uliochapishwa mwaka 2006, ameonyesha kwamba kusikiliza kaseti kulikuwa ni malezi ya moyo, na mara nyingi kulifanyika mbele za watu: ndani ya teksi, dukani, abiria na dereva wakikubali au kubishana juu ya lile lililosemwa. Kaseti haikuwajibu, lakini waliokuwa wakiisikiliza walijibizana. Wengi wetu tulikua na redio moja ya nyumba nzima, au ya kijiji, na baada ya kipindi mazungumzo yalianza. Leo mwanafunzi hutembea njiani na sauti ya mtu wa mbali masikioni, anampita mwenziwe bila salamu, huku akijifunza juu ya ushirika. Ndiyo sababu katika somo la uchungaji tumeacha kuwaagiza wanafunzi wakasikilize kila mmoja peke yake. Huketi sita sita kuzunguka simu moja, na yeyote ana ruhusa ya kusema "simamisha hapo." Kipindi cha saa moja huchukua saa tatu. Mara nyingi hawakimalizi.

Limebaki jambo moja ambalo halijapata kuzungumzwa vya kutosha katika vikao vyetu. Mchungaji anapohamishwa, vitabu vya usharika hukabidhiwa kwa anayemfuata: cha ubatizo, cha kipaimara, cha ndoa, cha mazishi. Simu haikabidhiwi. Ndani yake zimo sauti za miaka mingi: maungamo, ugomvi wa ndoa, sala za wagonjwa, na sauti za watu ambao tumekwisha kuwazika. Familia moja ilipomjia mchungaji, siku ya mazishi ya mama yao, kuomba ujumbe wake wa mwisho ili uchezwe kanisani, mchungaji huyo aliombwa kitu asichokuwa na hakika kama ni chake kutoa. Mama alisema na mchungaji, hakusema na usharika. Kwa maoni yetu alifanya sawa alipowaita watoto wanne ofisini, akafunga mlango, akawasikilizisha ile sehemu ambayo mama aliwataja kwa majina, kisha akawauliza kama wangependa kusema neno.